Mzigo Uliogeuka Wimbo

Anayeanza kusoma kitabu cha kwanza cha Mambo ya Nyakati hukutana na ukuta wa majina. Sura tisa nzima ni fulani akamzaa fulani, na wasomaji wengi huuruka ukuta huo ili wafike upesi kwa Daudi. Sisi wa kwaya tumekaa chini ya ukuta huo miezi minne sasa, kila Jumatano kabla ya mazoezi, mistari michache michache, na katikati ya majina hayo tumekuta habari zetu. Ziko sura ya 6. Mwandishi anasema kwamba sanduku la Agano lilipokwisha kupata mahali pa kukaa, Daudi aliwaweka watu juu ya kazi ya kuimba nyumbani mwa Bwana. Anawataja watatu: Hemani, Asafu na Ethani. Kisha anamchukua kila mmoja na kurudi nyuma na ukoo wake, baba kwa babu, mpaka anafika kwa Lawi mwenyewe. Hemani ni wa mlango wa Kohathi. Asafu ni wa Gershoni. Ethani ni wa Merari.

Kwa nini ahangaike hivyo? Leo tukisikia kwamba mtu ni mwimbaji hodari tunauliza anaimba sauti ya ngapi, hatuulizi babu yake alikuwa nani. Lakini Mwisraeli aliyesikia milango hiyo mitatu ikitajwa pamoja alijua mara moja wazee wale walifanya kazi gani jangwani. Walikuwa wapagazi.

Maskani ilikuwa nyumba ya kukunjwa. Wingu likiinuka, kambi inang'olewa, na nyumba ya Mungu sharti ibebwe. Kitabu cha Hesabu, sura ya 3 na ya 4, kinagawa mizigo hiyo kwa makini kama karani wa ghala. Wana wa Gershoni walibeba mapazia na vifuniko. Wana wa Merari walibeba mbao, nguzo na vitako vyake, vigingi na kamba, vitu vizito ambavyo hakuna mtu huja kuvitazama. Wana wa Kohathi walibeba vyombo vitakatifu, yaani sanduku, meza, kinara cha taa na madhabahu. Wote waliohesabiwa kwa kazi hiyo, wenye umri wa miaka 30 hadi 50, walikuwa 8,580. Halafu katika sura ya 7 wakuu wa Israeli wanaleta magari 6 na ng'ombe 12 wa kuyakokota. Musa anawapa Gershoni magari 2 na Merari magari 4. Kohathi hawapati hata moja, kwa sababu mzigo wao ni wa mabegani.

Katika kwaya yetu tuko watu 26. Tuna mafundi cherehani, wauza mboga, walimu wawili wa shule ya msingi, na tuna ndugu mmoja wa sauti ya nne ambaye hubeba magunia sokoni. Ndiye aliyetusimamisha hapo. Alisema mzigo wa mti mnaobeba watu wanne hauendi kama hamwendi hatua moja. Mmoja akiwahi, mwenzake anaumia. Kwa hiyo wachukuzi huimba, mmoja akianza na wengine wakiitikia, na wimbo ndio unaozipanga hatua. Biblia haisemi kwamba wana wa Kohathi waliimba wakiwa na sanduku mabegani, nasi hatutaongeza neno. Lakini tangu siku ile hatukuona tena ajabu kwamba Daudi, alipotafuta waimbaji, aliwatafuta miongoni mwa wapagazi.

Tazama pia wakati aliowatafuta. Katika sura ya 13 sanduku linapandishwa juu ya gari jipya, ng'ombe wanakunguwaa, Uza ananyosha mkono kulizuia, naye anakufa hapo hapo. Daudi anaogopa. Sanduku linabaki miezi mitatu nyumbani kwa Obed-edomu. Sura ya 15 inapofunguka, mfalme ameelewa kwamba sanduku si la gari, ni la mabega ya Walawi. Na katika sura hiyo hiyo, kabla mabega hayajaingia chini ya miti, anawaagiza wakuu wa Walawi wawaweke ndugu zao kuwa waimbaji, wenye vinanda, vinubi na matoazi. Begani na kinywani ni agizo la siku moja. Yuko hapo mtu anayeitwa Kenania, mkuu wa Walawi, na Biblia yetu ya Kiswahili inasema aliwekwa juu ya nyimbo na kufundisha kuimba kwa sababu alikuwa stadi. Neno la Kiebrania lililotumika hapo ni *masa*, na maana yake ya kila siku ni mzigo, kitu kinachoinuliwa. Wafasiri wamegawanyika tangu zamani, wengine wakiona Kenania alisimamia uchukuzi wa sanduku, wengine wakiona alisimamia uinuaji wa sauti. Sisi tumeridhika kuiacha lugha ibebe yote mawili.

Baadaye Daudi, akiwa mzee, anatoa tangazo ambalo kwa watu hao lilikuwa zito. Sura ya 23 inasema Bwana amewapa watu wake raha, naye anakaa Yerusalemu, kwa hiyo Walawi hawatahitaji tena kuibeba maskani. Fikiria unazaliwa katika ukoo ambao kwa vizazi vingi kazi yake ni kubeba, baba yako ana sugu mabegani, halafu unaambiwa mzigo umefika. Wangeweza kurudishwa makwao na kusahauliwa. Walihesabiwa upya: Walawi 38,000 wa miaka 30 na zaidi, na kati yao 4,000 wakapewa kazi ya kumsifu Bwana kwa vyombo ambavyo Daudi alivifanya. Tena wakaambiwa wasimame kila asubuhi na kila jioni kumshukuru. Mzigo uliokuwa ukisafiri umetulia mahali pamoja, lakini bado unainuliwa mara mbili kwa siku.

Na makuhani je? Hapa ndipo penye jambo ambalo tunadhani halisemwi vya kutosha makanisani. Ukisoma Mambo ya Walawi kuanzia mwanzo mpaka mwisho, kitabu cha kazi za makuhani, hukuti mwimbaji hata mmoja. Tarumbeta zinapigwa kwa ajili ya sikukuu na mwaka wa yubile, basi. Kuhani anachinja, ananyunyiza damu, anapanga kuni, anateketeza mafuta, anatoa majivu. Anafanya kazi nyingi kwa mikono na maneno machache mno. Musa alitoa sadaka bila kwaya. Mwandishi wa Mambo ya Nyakati alilijua hilo, ndiyo maana habari za kuhani Yehoyada katika sura ya 23 ya kitabu cha pili zinatofautisha kwa uangalifu: sadaka zitolewe kama ilivyoandikwa katika torati ya Musa, na furaha na nyimbo ziwe kama alivyoamuru Daudi. Ni amri mbili kutoka mikono miwili. Na kwa kuwa mtu angeweza kusema kwamba cha Daudi ni cha binadamu tu, sura ya 29 inaongeza kwamba agizo hilo la waimbaji lilitoka kwa Bwana kwa vinywa vya manabii wake, akina Gadi na Nathani.

Basi kila mmoja alikuwa na mpaka wake. Hata tarumbeta na kinubi havikushikwa na mikono ileile. Hesabu sura ya 10 inaeleza tarumbeta mbili za fedha, kazi ya kufua, na wenye ruhusa ya kuzipiga ni wana wa Haruni peke yao, yaani makuhani. Vinanda, vinubi na matoazi vilikuwa vya Walawi. Kuhani hakushika kinubi, na Mlawi hakuikaribia madhabahu. Zamani jangwani ilikuwa hivyo hivyo: Haruni na wanawe walivifunika vyombo vitakatifu kwanza, ndipo Wakohathi wakaja kuvibeba bila kuvigusa wala kuvitazama. Kuhani alifunika asichobeba, na Mlawi akabeba asichokiona. Kazi haikuwa imekamilika mpaka wote wawili wawepo.

Siku hekalu la Sulemani lilipowekwa wakfu, makuhani 120 walisimama na tarumbeta upande wa mashariki wa madhabahu, pamoja na waimbaji wote wa Asafu, Hemani na Yeduthuni (ambaye wengi humwona kuwa ndiye Ethani kwa jina lingine). Andiko linasisitiza kwamba wenye tarumbeta na wenye kuimba walisikika kama mtu mmoja. Sisi tuliowahi kujaribu kupatanisha kinanda, ngoma na sauti nne ndani ya kanisa lenye mabati tunajua ni muujiza wa namna gani hata kabla ya lile wingu kushuka. Wingu lilipoijaza nyumba, andiko linasema makuhani hawakuweza kusimama kufanya huduma yao. Zamu hiyo Mungu aliichukua mwenyewe.

Mfalme Hezekia anatuonyesha saa ya wimbo. Katika sura ileile ya 29, nyumba ya Bwana imefunguliwa na kusafishwa baada ya kufungwa siku za Ahazi. Walawi wamesimama na vyombo vyao, makuhani na tarumbeta zao, na hakuna anayetoa sauti. Sadaka ya kuteketezwa inapoanza kupanda madhabahuni, hapo ndipo wimbo unaanza. Unaendelea mpaka sadaka imekwisha. Wimbo haukuwekwa kujaza nafasi wakati watu wanatafuta viti. Ulipimwa kwa moto. Kuhani akiwa na shughuli yake, kusanyiko lote limeinama na mwimbaji anaimba, na wote wanamaliza pamoja.

Karne nyingi baadaye, katika hekalu la pili, utaratibu ulikuwa umekomaa zaidi. Tunausoma katika Mishna, mkusanyo wa mafundisho ya marabi uliokamilishwa yapata mwaka 200 baada ya Kristo. Kuhani mkuu alipoinama kumimina divai, msaidizi wake alipunga kitambaa, mtu wa matoazi akayagonga, na Walawi wakaanza. Walipofika mwisho wa fungu, tarumbeta zililia na watu wakaanguka kifudifudi. Kila siku ilikuwa na zaburi yake: Zaburi ya 24 siku ya kwanza ya juma, ya 48 siku ya pili, ya 82, ya 94, ya 81, ya 93, na siku ya Sabato ya 92. Walawi waliosimama jukwaani hawakuruhusiwa kupungua 12. Kuongezeka ruksa. Watoto wa Walawi waliruhusiwa kuimba nao ili sauti zao nyembamba zitie ladha, ila hawakupanda jukwaani. Walisimama chini, vichwa vyao vikiwa usawa wa miguu ya watu wazima. Tulipofika hapo akina mama wa sauti ya kwanza walicheka sana, maana wanajua fika watoto wao husimama wapi Jumapili.

Zamu zenyewe zilipangwa kwa kura. Makuhani walikuwa na zamu 24, kumi na sita za Eleazari na nane za Ithamari. Ya nane ilimwangukia Abiya, na kwa sababu hiyo Injili ya Luka inapomtaja mzee Zakaria inatuambia alikuwa wa zamu ya Abiya. Waimbaji nao walikuwa na zamu 24, kila zamu watu 12, jumla 288, wote waliofundishwa. Sura ya 25 inasema walipiga kura mdogo sawasawa na mkubwa, mwalimu pamoja na mwanafunzi. Maneno hayo machache yametupa mazungumzo marefu. Kuna kwaya ambazo mwenye sauti nzuri hupanga apendavyo siku ya kuimba, na za namna hiyo hazikai.

Lakini sehemu iliyotushika zaidi kuliko zote ni ukoo wa Hemani. Ukiufuata juu katika sura ya 6 unapita kwa Samweli nabii, maana Hemani alikuwa mjukuu wake. Endelea kupanda, unakutana na jina la Kora. Ni Kora yuleyule wa Hesabu sura ya 16, Mlawi wa Kohathi ambaye hakutosheka na kubeba. Alitaka ukuhani. Alisimama na watu 250 wenye vyetezo mbele ya Musa na Haruni, ardhi ikafunguka, moto ukatoka, na vile vyetezo vya shaba vikafuliwa kuwa bamba la kufunika madhabahu. Sura ya 26 inapoyakumbuka mambo hayo inasema jambo moja fupi, kwamba wana wa Kora hawakufa.

Walienda wapi? Wengine wakawa mabawabu wa nyumba ya Bwana. Wengine wakawa waimbaji. Majina yao yako juu ya Zaburi ya 42, ya 44 hadi 49, ya 84, 85, 87 na 88. Ile ya 84 ni ya mtu anayeona heri awe bawabu mlangoni kwa Mungu, na tukikumbuka aliyeiimba ni mtoto wa nani, hatuwezi kuisoma haraka. Babu alitaka kuingia mahali pasipo pake akameza udongo, na wajukuu wanaimba kuhusu uzuri wa kusimama mlangoni. Kichwa cha Zaburi ya 88 kinataja wana wa Kora na jina la Hemani pamoja, na hiyo ndiyo zaburi yenye giza kuliko zote, kwani haina pambazuko hata mwishoni. Mtu analia na zaburi inakwisha. Kwamba wimbo wa namna hiyo uliwekwa katika kitabu cha sifa cha hekalu ni faraja kwetu, sisi ambao kwa mwaka huimba kwenye mazishi mengi kuliko harusi. Mwimbaji wa Israeli hakulazimishwa kutabasamu.

Chuki ya mlango na madhabahu haikuzikwa na Kora, lakini. Josephus, mwanahistoria wa karne ya kwanza ambaye mwenyewe alikuwa wa ukoo wa makuhani, anaeleza kwamba katika siku za Mfalme Agripa, yule ambaye mtume Paulo alijitetea mbele yake, Walawi waimbaji walimwendea mfalme wakaomba wavae mavazi ya kitani kama makuhani. Baraza likaitishwa, wakakubaliwa. Josephus amekasirika. Anasema ni kinyume cha sheria za baba zao na kwamba mambo kama hayo huleta adhabu. Miaka michache baadaye, mwaka 70, hekalu liliteketezwa na Warumi, kitani na vyote.

Juu ya hili kwaya yetu haikuafikiana, na hatuoni haja ya kuficha. Wengine wanasema Josephus alikuwa kuhani anayelinda kabati lake, maana siku ya Sulemani waimbaji wote walivaa kitani safi, imeandikwa waziwazi katika sura ya 5. Wengine wanasema kosa halikuwa kitani, kosa lilikuwa neno "kama makuhani". Yeyote aliyewahi kukaa katika kikao cha kwaya siku ya kuchagua sare anajua kwamba rangi ya kitambaa huweza kuchukua saa tatu wakati wimbo umepewa nusu saa. Sisi tunaelemea upande wa pili. Mavazi mema ni mema, ila mwimbaji akianza kumtazama kuhani anavaa nini, ujue ameacha kutazama moshi wa sadaka.

Upande mwingine wa jambo hilo tumeusoma kwa uchungu, katika Nehemia. Walipotoka uhamishoni Babeli, orodha ya Ezra sura ya 2 inahesabu makuhani 4,289, Walawi 74 tu, na waimbaji, wana wa Asafu, 128. Hao 128 ndio walioshika matoazi siku msingi wa hekalu ulipowekwa, pale vijana walipopiga kelele za furaha na wazee wakalia, hata sauti hizo mbili zisitofautishwe. Waimbaji wakajijengea vijiji kuzunguka Yerusalemu ili wawe karibu na zamu zao. Walikuwa na posho ya kila siku, tena kwa amri ya mfalme. Halafu Nehemia anaondoka kwa muda kurudi kwa mfalme, na anaporejea, sura ya 13, anakuta ghala la zaka limegeuzwa chumba cha Tobia, jamaa ya kuhani, na sehemu za Walawi hazikutolewa. Waimbaji wamekimbia, kila mtu shambani kwake.

Nehemia hakuwakemea waimbaji. Aliwakemea wakuu. Akavitupa nje vyombo vya Tobia, akawakusanya Walawi, akawarudisha mahali pao. Kisha akaweka watunza hazina wanne wanaoaminika, kuhani Shelemia, mwandishi Sadoki, Pedaya wa Walawi, na Hanani wa kuwasaidia, ili kila mtu apate sehemu yake.

Mwalimu wetu wa kwaya yuko shambani. Alitufundisha miaka kumi na mmoja, nota kwa nota, wengi wetu tukiwa hatujui sol-fa hata kidogo. Posho yake ya mwezi, ndogo tu, iliondolewa katika bajeti ya usharika mwaka wa ujenzi ulipoanza, na sababu iliyotolewa ni kwamba kuimba ni huduma, si kazi. Alikaa miezi saba zaidi. Kisha alirudi kwao na kulima vitunguu, ekari mbili, kwa kuwa ana watoto watatu shuleni. Hakuondoka kwa hasira, na hatujasikia neno baya kinywani mwake juu ya mtu yeyote.

Tumeyafikiri sana maneno yale, huduma na kazi. Kiebrania kina neno moja, *avoda*, kwa yote mawili. Ndilo linalotumika Wamerari wanapobeba nguzo jangwani, ndilo linalotumika Walawi wanapohudumu hekaluni, na ndilo hilohilo kwa Waisraeli walipotumikishwa Misri kwa matofali. Anayesema kuimba ni huduma amesema kweli tupu. Ni huduma kama ile ya Kohathi, ya mabegani, na mtu wa mabegani hula. Sura ya 9 ya Mambo ya Nyakati inasema waimbaji walikaa vyumbani hekaluni, wakiwa wamesamehewa kazi nyingine, kwa sababu yao ilikuwa ya mchana na usiku. Hatudai hayo. Hatutaki mwalimu ajengewe chumba kanisani, na tunajua mabati ni ya lazima, kwani mvua ilituimbisha kwa miaka. Tunajua pia kwamba mchungaji wetu anapokea kidogo, na ya miezi mingine inachelewa, kwa hiyo hili si shindano la waimbaji na madhabahu. Kuhani na Mlawi walikula kutoka ghala moja, na ghala likiwa tupu wote wawili walilala njaa.

Mishna inamkumbuka mtu mmoja aliyeitwa Hugras wa kabila la Lawi. Alijua ufundi fulani wa kuimba ambao hakuna mwingine aliujua, akakataa kuufundisha. Jina lake limewekwa kwenye orodha ya wanaokumbukwa kwa aibu, pamoja na familia zilizoficha siri ya mikate na ya uvumba. Tunamtaja kwa sababu ya tofauti. Mwalimu wetu hakuficha kitu.

Barua yetu kwa baraza la wazee ina ukurasa mmoja. Tumeomba posho irudishwe katika bajeti ya mwaka ujao, tumeahidi kuchangia nusu yake kutoka mfuko wa kwaya, na tumetaja Nehemia 13 bila kuieleza, kwa kuwa wazee wanasoma Biblia kama sisi. Kikao ni mwezi ujao. Kwa sasa nyimbo za Kwaresima zinatufikia kwa simu. Mwalimu anaimba kila sauti peke yake na kututumia, ya nne kwanza, halafu ya tatu, ya pili, ya kwanza kwa sauti ya juu inayomshinda kidogo. Jumatano iliyopita tuliiweka simu juu ya meza, tukaizunguka wote 26. Nyuma ya sauti yake inasikika mashine ya kuvuta maji, na anapofika mwisho wa fungu anasema, "Hapo mpumue," kisha mashine inaendelea peke yake mpaka anapoanza tena.